Nilivyomwambia Lakshmi Acheze

Alhamisi, Lewisville

Bado naona aibu. Leo meneja alimtaka Lakshmi avae sari acheze ngoma ya Kihindi kwenye sherehe ya ofisi, "kama kwenye filamu." Lakshmi, mhasibu mwenzangu kutoka Chennai, alicheka kidogo, akasema hajawahi kucheza maishani mwake.

"Acha utani, Wahindi wote mnacheza." Kisha meneja akanigeukia. "Wewe ni rafiki yake. Mshawishi, kesho uniletee jibu."

Vibali vyetu vya kazi katika nchi hii, changu na chake, vinategemea ofisi hii; tukifukuzwa, tunarudishwa kwetu. Nikasema, "Cheza kidogo tu, dada, yaishe."

Akarudi kwenye meza yake.

Jioni nilimrudisha kwake Carrollton kwa gari langu, kama kawaida. Tulipokaribia kufika akasema, "Siku tulipojuana uliniuliza baba yangu ana duka gani. Baba yangu ni mwalimu. Nilikusamehe kwa sababu hukujua. Leo ulijua."

Nilitaka kumwambia kwamba naogopa. Kwamba mwaka jana meneja huyo huyo aliniomba, mimi Mtanzania, ningurume kama simba mbele ya wageni, nami nikanguruma. Wakapiga makofi. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Aliposhuka aliniambia kesho nisimpitie.

Kesho nitamwambia meneja kwamba Lakshmi hachezi. Nimejaribu kusema hivyo kwa sauti hapa jikoni mara tatu, na kila mara najikuta namalizia na "samahani, bosi."