Mume Mwema wa Sinema

Ruangwa, 3 Agosti 1953

Mpendwa dada Magreti,

Salamu nyingi. Baba hajambo, nami mzima ila mkono bado haujanyooka. Wewe na shemeji hamjambo?

Nakuuliza jambo, unijibu upesi. Watu wanasema gari la sinema linakuja huku, na mume wangu Saturnini yumo ndani ya picha. Ni kweli? Baba ameshachoka na mimi. Anasema miezi mitatu yatosha, mwanamke wa ndoa ya kanisani hakimbii nyumba yake kwa sababu ya kuteleza kisimani. Ndivyo Saturnini alivyomwambia, kwamba niliteleza. Naogopa kurudishwa, dada.

Mdogo wako,
Lusia

Nachingwea, 10 Agosti 1953

Mdogo wangu Lusia,

Barua imefika. Sisi wazima, mtoto tu ana kikohozi. Pole na mkono.

Ni kweli. Mwaka jana picha hiyo alicheza mtu mmoja aitwaye Ausi, akawa mlevi anayekimbizwa na mkewe kwa mwiko. Watu walimpenda mno yule mlevi, wakawa wanamwiga vilabuni. Wakubwa wa sinema wakaamuru ichezwe upya, safari hii mume awe mwema. Wakamchukua Saturnini kwa ajili ya meno yake meupe. Anateka maji, anabembeleza mtoto, anamshukuru mkewe kwa ugali. Hapo kwenye ugali majirani zake wa hapa Nachingwea walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini huko kwenu nani anamjua?

Mwambie Baba asimtazame Saturnini. Amtazame yule mama anayecheza mkewe, pale anapotuliwa ndoo.

Nawe jihadhari, Saturnini ameomba kusafiri na hilo gari.

Dada yako,
Magreti

Ruangwa, 18 Agosti 1953

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa haraka. Barua yako niliipata Jumamosi, gari likaja Jumapili.

Saturnini alisimama kando ya shuka ya picha, kofia mkononi, kila mtu akimpa mkono. Wanawake waliniuliza nina wazimu gani kumkimbia mume kama huyu. Nikamnong'oneza Baba maneno yako. Ilipofika kwenye ndoo, Saturnini wa kwenye picha aliinua mikono kumtua mkewe, na yule mama akajikinga uso kwa kiwiko, kisha ndipo akakumbuka kutabasamu. Watu walicheka. Baba hakucheka. Nyumbani aliushika mkono wangu, akautazama karibu na taa, akaniomba radhi.

Leo alfajiri Saturnini amekuja kunichukua, ameleta na kanga mpya. Baba amemwambia siendi. Nilidhani atafoka. Hakufoka, dada. Amekaa barazani, anatabasamu vilevile kama kwenye picha, anasema hana haraka. Barua hii nampa Klementina wa jirani kupitia dirishani. Baba amekaa mlangoni na panga, lakini ni mzee, na sasa hivi nimemwona anaanza kusinzia.

Mdogo wako,
Lusia