Wimbo wa Ngoro Aliokunyima Bibi

Mwaka mzima umetimia, Gaudiosa Nazari Kinunda, tangu asubuhi ile ya Agosti homa ya mapafu ilipokuondoa kwetu hapa Kigonsera.

Tunaukumbuka mwandiko wako ubaoni, ulionyooka hata mkono ulipoanza kutetemeka. Ukikosea herufi ulifuta, ukaandika upya, na watoto wa darasa la kwanza wakakusubiri kimya.

Ugonjwa ambao daktari aliuita MS ulikula utando unaofunika mishipa ya fahamu. Miguu yako ilisikia amri, ikachelewa kuitii. Bibi yako Walburga, aliyekulea tangu mama yako alipofariki, alidhani atakushika vidole kama ulipokuwa mchanga, nawe utatembea. Hukutembea.

Ndipo akaja Rosina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Kihagara ziwani, na kigoma kidogo cha mganda, ngoma ya kwao. Alieleza kwamba mdundo humsaidia mgonjwa kupanga hatua pale mishipa inapokosea. Akapiga, ukaenda hatua nne, wiki iliyofuata tisa. Ulicheka kicheko ambacho Bibi hakuwa amekisikia kwa miaka miwili, nacho hakikuwa kwa ajili yake. Siku za Rosina ulichana nywele mapema. Bibi aliona, na chai ya mgeni ikaanza kupungua sukari. Ukamtania kama wajukuu wa kike wanavyowatania bibi zao: "Mke mwenza, leo umenuna kama aliyenyang'anywa mume."

Julai mwaka juzi Rosina alimwamkia Bibi kwa adabu, akaomba jambo moja: wimbo ambao wanawake waliimba wakichimba ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo, mteremkoni.

"Gaudiosa aliusikia akiwa mgongoni kwako, Bibi," alisema. "Mwili wake uliujua kabla ya kujua kutembea. Kwa huo atafika mbali kuliko kwa ngoma yangu."

"Nimeusahau," Bibi akajibu.

Hakuwa ameusahau. Jioni ile ile aliuimba kimoyomoyo, beti zote, akipepeta maharage. Rosina alikwisha kuichukua miguu yako na kicheko chako; mgongo ule Bibi hakutaka kuutoa.

Nawe ulikuwa na nia moja tu: utembee kutoka mlango wa kanisa hadi altare, bila kushikwa, ukapokee Komunyo siku ya Pasaka.

Pasaka ya mwaka jana ulianza vizuri. Ulipofika katikati, kwaya ilianza wimbo wa polepole, miguu ikaganda. Rosina, aliyekuwa nyuma yako, alipiga makofi taratibu, hayakufaa kitu. Ulitazama sakafu, na watu wakaanza kukupita.

Bibi yako, aliyefundisha miaka thelathini na kukataza Kimatengo darasani, alisimama katika benchi la akina mama, akauimba wimbo ule wa ngoro kwa Kimatengo, kwa sauti kavu. Kwaya ikanyamaza. Mguu wako wa kushoto ukainuka, ukafuata wa kulia. Ukafika.

Uliporudi ulikaa karibu naye, ukamnong'oneza: "Kumbe ulikuwa nao, mke mwenza."

"Nilikuwa nao. Nilikunyima."

Ulimshika vidole.

Uliutembea wimbo huo kwa miezi mitano. Ungaliweza kuutembea kwa kumi na mitatu, tangu Julai ile alipoombwa. Hilo ndilo linalomuuma Bibi yako, na ndilo alilotaka liandikwe hapa bila kupambwa.

Sasa Rosina anaujua, na mama mmoja wa Mbinga mjini, mwenye ugonjwa kama wako, anautembea. Bibi alipopata habari hizo alinuna siku nzima kwa kuwa miguu mingine inakanyaga wimbo wako. Kesho yake alimwita Rosina, akamfundisha ubeti wa mwisho, ambao alikuwa ameubakiza.

Unakumbukwa na baba yako, Nazari, kaka yako, Praygod, shangazi yako, Beata, Rosina wa Kihagara, wanafunzi wako, na bibi yako, Walburga, ambaye bado ana wivu, na bado anaimba.

Hatutaacha kukukumbuka, Gaudiosa, hatua kwa hatua.