Blanketi la Mashine Nimelitoa

Hanifa mjukuu wangu,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika. Niko msibani Bonga mpaka jioni.

Asubuhi nilikufokea kwamba mashine yako ya maji moto ni mbovu, inapuliza baridi. Ukaondoka hujanywa chai. Kumbe kosa ni langu. Fundi kasema kwenye simu, inavuta joto la hewa inalitia majini, ndiyo maana inapuliza baridi. Mimi niliiona inatetemeka, nikaifunika blanketi kama ndama mgonjwa, ikazimika. Sasa nimelitoa, imewaka tena.

Uliileta ili tuache mkaa unaochafua hewa, nami nikakucheka. Najuta, mama.

~~Washa mkaa uchemshe maji.~~ Hapana, fungua bomba, yameshapata moto. Oga kwanza, ndipo uendelee kuninunia.

Bibi yako