Kaa wa Mjomba na Pindo la Mwangangi

Diani, 9 Januari 2024

Shikamoo mjomba wangu Mwinyihaji,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na mkazamjomba Biasha, na mgongo umepoa. Mimi ni mzima ila mafua ya vumbi la barabarani.

Utauliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Simu yako ndiyo hiyo unayosema imemezwa na chewa, na Salimu wa pikipiki anapita hapa kila akileta samaki Ukunda, basi bahasha nimempa yeye.

Mjomba, nimekauka. Nakaa kibandani na karatasi, makasi, gundi na wino, na kichwani hamna kitu. Mabibi harusi wanataka albamu za kubandika, picha zao na vipande vya nguo na maua makavu, kila ukurasa na sura yake. Wageni wa hoteli wanataka kadi za kupiga muhuri kwa mkono. Mimi natazama kadi za watu kwenye simu, na mwisho natoa mnazi na jua linalozama, sawasawa na kibanda cha jirani.

Muhuri wangu wa kwanza ulinikatia wewe, nikiwa darasa la pili, kifaranga wa soli ya patipati. Bado ninaye. Hizo picha huwa unazitoa wapi? Nifundishe.

Mpwa wako,
Hadiya


Bodo, 13 Januari 2024

Kwa Hadiya, binti wa dada yangu,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mgongo usiuulize, juzi nimeuinua mtumbwi peke yangu na watu wawili walikuwa wamelala ndani, hawakuamka.

Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Wako waliokwenda chuo wakarudi hawajui hata kukata duara. Mimi niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa la kunifundisha, alilia siku ile.

Sasa sikiza. Kwanza hiyo simu izime. Ukitazama kazi ya mwenzio hupati wazo, unapata kijicho tu. Tazama kawa iliyofunika chakula, ule ukindu unavyozunguka. Tazama mkeka, rangi mbili zinavyopishana bila kugombana. Halafu tandaza leso chini. Si unaona pindo limezunguka, na katikati ndio mji wa leso? Basi ukurasa wa albamu uupange vivyo hivyo. Vidogo vidogo, maua, tiketi, vipande vya nguo, viweke pindoni. Jambo lenyewe liweke katikati uliachie nafasi lipumue. Hiyo siri sijampa mtu.

Nakutumia na muhuri mpya. Patipati nimeziokota mikokoni, maji yakitoka zinabaki zimenasa kwenye mizizi, za kushoto nyingi kuliko za kulia, sijui watu wa nchi zile wana miguu gani. Huyu niliyemkata ni kaa niliyekutana naye ana kwa ana. Mkubwa kama sinia la pilau. Alinishika kikoi, nikamshika gando, tukavutana tangu maji kupwa mpaka kujaa. Mwishowe aliniachia mwenyewe, akaenda zake upande upande akinitazama. Nimemkata kama alivyokuwa, sikupunguza kitu.

Mjomba wako,
Mwinyihaji


Diani, 2 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Habari za tangu siku ile? Mkazamjomba nimemwekea kitambaa, Salimu atamletea.

Kaa wako amenitoa kimasomaso! Nimempiga kwa wino wa buluu, pindoni nikazungusha vijani vya mkoko, na kila anayenunua namsimulia mlivyovutana. Mama mmoja wa Kijerumani amecheka mpaka ameketi chini, akachukua kadi zote zilizokuwa mezani. Albamu nazo nimezipanga kileso, na mabibi harusi wanaleta wenzao.

Sasa lile jambo langu, mjomba. Nikah yangu na Rashad imepangwa mfungo mosi, baada ya Idi. Kwao Msambweni wamekubali. Kadi zangu mwenyewe nataka nizipige muhuri kwa mkono, na nani mwingine wa kunikatia kama si wewe? Muhuri nauhitaji kabla ya mwisho wa mwezi huu, ili wino ukauke na kadi zisambazwe kabla ya Ramadhani.

Mpwa wako anayekutegemea,
Hadiya


Bodo, 5 Februari 2024

Mpenzi mwanangu Hadiya,

Marahaba. Nimesoma barua yako mbele ya watu barazani, nikawasomea mara mbili ile sehemu ya Mjerumani.

Muhuri wa harusi yako usiwe na wasiwasi nao. Nitakata kitu hakijaonekana toka Vanga hadi Kiunga. Kadi hiyo mtu akipelekewa hataiweka mezani, ataitundika. Rashad mwambie ana bahati, wengine wanaoa wasichana ambao wajomba zao hata kucha hawajui kukata.

Nipe nafasi tu. Kitu kikubwa hakiharakishwi.

Mjomba wako,
Mwinyihaji


Diani, 1 Machi 2024

Shikamoo mjomba,

Je, u mzima? Salimu anasema u mzima, anakuona kila siku umekaa ufuoni na kiwembe mkononi, akikuuliza unamfukuza.

Mwezi umekwisha na muhuri sijauona. Nimeandika mara mbili, hukujibu. Mamake Rashad ameshauliza kadi.

Kwa hivyo nimekwenda kwa Mwangangi. Ni fundi wa kuchonga, Mkamba wa Bongwe, anauza vinyago vya mbao kwa maduka ya hapa. Ana mkono safi. Nimempa kisutu cha marehemu mama akitazame, na amenikatia pindo lake kwenye kipande cha mti, nukta kwa nukta. Katikati bado hatujaelewana. Ameleta twiga wawili.

Usikasirike, mjomba wangu. Ni shida ya muda tu.

Hadiya


Bodo, 3 Machi 2024

Kwa Bi Hadiya wa Diani,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Tungekuwa wagonjwa pia ungejua wapi, wewe una watu wako Bongwe.

Twiga. Twiga kwenye kadi ya harusi ya mtoto wa Bodo! Hapa kwetu twiga amemwoa nani? Twiga akija Bodo atazama matopeni mpaka shingoni, na hiyo shingo ndiyo tutakayofungia mashua.

Na leso ya dada yangu umempa. Mishi alikivaa kisutu kile siku aliyotoka ndani bibi harusi, nimeshika mimi pembe yake asijikwae. Leo anakitandaza juu ya meza ya mbao mtu ambaye bahari anaiona kwa kupitia Ukunda! Mkono safi, umesema. Wangu mchafu. Kifaranga kile cha darasa la pili nilikikata kwa mguu labda.

Mimi nimekata mihuri mtu mmoja aliichukua hadi Maskati, wakafikiri ni mashine. Nimekata muhuri wa samaki, paka akaulamba. Huyo Mwangangi paka gani ameulamba muhuri wake?

Basi mambo yameisha. Mwangangi akukatie muhuri, Mwangangi akusimamie, hata kilemba cha mjomba mfungeni yeye, kikimwenea. Siku hiyo mimi nitakuwa na safari ya Pemba.

Ni mimi,
Mwinyihaji, zamani mjomba


Diani, 19 Machi 2024

Shikamoo mjomba. Ramadhani karim. Nakuombea saumu nyepesi.

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako. Zile mbili Salimu anasema ulizipokea, ukaziweka ndani ya kofia, ukaivaa.

Kadi sijapiga hata moja. Pindo ninalo, katikati patupu. Twiga nimewakataa. Mamake Rashad ameacha kuuliza, sasa ananitazama tu. Na kusema kweli, hata kadi zikitimia, ukienda hiyo Pemba yako mimi nitatoka na nani mlangoni?

Tena kuna jambo silielewi. Jana nimepita Bongwe. Mwangangi ananiambia siku chache kabla ya mwezi kuandama alikuja kwake tajiri wa Tanga, kanzu nyeupe, miwani ya jua, fimbo. Nikamuuliza alitaka nini. Akacheka mpaka mkewe Nthambi akatoka jikoni. Akasema, "Hiyo nenda ukaulize mjomba wako. Muulize na kaa ana miguu mingapi."

Mjomba, ile miwani si ya kaka Sharif wa hapo kwenu?

Hadiya


Bodo, 22 Machi 2024

Mwanangu Hadiya,

Ramadhani njema nawe. Saumu hainisumbui, mimi hata nikiambiwa nifunge miezi miwili kwa mpigo naweza.

Miwani ni ya Sharif, nimemrudishia.

Nilikwenda Bongwe kumwona huyo mtu, nione anachokupa ambacho mimi sina. Ningesema mimi ni nani angeficha kazi mbaya. Kwa hivyo nikawa tajiri wa Tanga mwenye mashamba ya karafuu. Hilo halikunipa taabu, nililimudu vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuzisikitikia zile karafuu, mvua ilikuwa imechelewa.

Akanikaribisha. Mkewe akanitilia muthokoi, mahindi yao yaliyotwangwa na maharagwe, nikala sahani mbili ili nisimvunje moyo. Nikatazama kazi yake. Safi, sikatai. Nikajisemea, haya, nitafute kosa. Nikainua kichwa, nikaona ukutani amebandika kadi. Kaa wangu!

Nikauliza kwa sauti ya kitajiri, "Na huyo mdudu?"

Akasema, "Mzee, usiniulize huyo. Huyo amenikosesha usingizi. Ni kazi ya mjomba wa msichana fulani, mtu wa Bodo. Nimejaribu kuchonga kama huyo, kila nikimaliza ni kupe. Huyu mtu amekata raba ya kiatu, na ukiangalia unasikia kaa anatembea. Nimechonga tangu nikiwa mtoto. Nikimwona huyu nasikia wivu."

Hadiya, hebu niwazie. Maisha yangu yote nangoja mtu aseme maneno hayo, ameyasema, na mimi ni tajiri wa Tanga! Siwezi kusema ni mimi. Nilikunywa maji. Nilisimama nikaketi. Nikamwambia, "Huyo mtu wa Bodo nimesikia pia ana sura nzuri na nguvu nyingi." Akasema hajui.

Nikaridhika hivyo, nikawa naaga. Ndipo akasema, "Kosa lake ni moja tu. Hajui kuhesabu. Ameweka mguu mmoja zaidi."

Nikamwambia, "Hakukosea."

Akasema, "Mzee, kaa ana miguu kumi pamoja na magando. Hesabu mwenyewe."

"Nimesema hakukosea!"

"Wewe umejuaje, na shamba lako ni la karafuu?"

Nikasema, "Nimejua kwa sababu mguu huo wa kumi na moja ndio alionishikia kikoi!"

Miwani ikaanguka. Tukatazamana. Mwangangi akasema polepole, "Karibu tena, mjomba wa Hadiya." Nthambi huko jikoni sufuria ilimponyoka.

Sasa na hili nitakwambia, ukimwambia mtu nitakataa. Mwezi wa pili wote sikulala. Patipati zote za mikokoni nimezimaliza. Nimekukatia maua, nyota, ndege, pete, jina lako, nimekata na mamako amesimama, na kila nikimaliza naona ni kidogo. Kwa wengine nakata mara moja tu. Kwako wewe kiwembe kinakataa.

Ila nilipotoka Bongwe njia nzima nacheka peke yangu, na nikafika nikakata bila kuinua kichwa, mpaka jana ndio umetimia. Salimu anao ndani ya kitambaa. Umetosha kwenye lile pindo, kipimo nilichukua kwa Mwangangi. Ni kaa wawili wametazamana, wameshikana gando. Wa kulia ana miguu kumi. Wa kushoto ana kumi na moja, huyo ni wa kwetu.

Pemba bahari imechafuka, safari nimeahirisha.

Mjomba wako,
Mwinyihaji


Diani, 4 Aprili 2024

Shikamoo mjomba wangu,

Saumu zinakwendaje? Mimi nimepiga mihuri mpaka vidole vimekuwa vyekundu kama nimepakwa hina mapema. Pindo jeusi la kisutu, kaa wekundu katikati. Mamake Rashad ameishika kadi, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasema, "Huyu wa upande wenu amezidi." Nikamwambia, "Naam, mama, ndivyo tulivyo." Ameitundika ukutani.

Lakini nina neno. Kwangu hujaandika tangu muhuri ufike. Salimu amenifunulia mkoba wake: barua yako ya kwenda kwa Mwangangi, nene, ya pili yake wiki hii! Jana nimepita Bongwe nikamkuta Nthambi anamsomea, wote wanacheka, nilipoingia wakaikunja. Ana patipati gunia zima umempelekea, na mimi uliniambia umezimaliza. Na kuna kisa cha pweza naye anakijua, mimi sikijui.

Mimi ndiye mpwa wako, mjomba. Pweza gani huyo?

Albamu yangu ukurasa wa kwanza nimeupanga. Pindoni nimebandika kipande cha ukindu wa mkeka wa mama, jani la mkoko na kifaranga cha darasa la pili. Katikati patupu. Pana nafasi ya picha moja, mimi natoka mlangoni na mtu ameshika pembe ya kisutu.

Hadiya, mwenye kijicho


Bodo, 6 Aprili 2024

Mwanangu Hadiya,

Sisi wazima, mgongo ni chuma.

Pweza utasimuliwa ukiwa mke wa mtu, ni kisa kirefu, Mwangangi nimempa nusu tu. Nusu yenye mkono wa tisa nimekuwekea wewe.

Kanzu Biasha ameshaipiga pasi. Pembe ya kisutu nitaishika mimi, na mpiga picha mwambie asimame upande wangu wa kulia, ndio mzuri. Mwangangi na Nthambi wawekeni mbele, lakini nyuma yangu kidogo. Nimesikia anawaambia watu wa Bongwe kwamba kaa tumewakata wawili, yeye na mimi. Kipimo tu alinipa! Nitakaa karibu naye siku nzima nimsikilize.

Mjomba wako, yule yule wa kwanza,
Mwinyihaji