Mzee Nyuzi na Ng'ombe Wake Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Imetoka! Albamu mpya ya Mzee Nyuzi, baada ya kimya cha miaka. Inaitwa Jioni Malishoni. Tumeifungua asubuhi saluni, mimi na mume wangu, kabla ya mteja wa kwanza. Spika juu ya kabati, mlango nusu wazi, yeye kwenye kiti chake cha kushoto, mimi kwenye changu cha kulia. Ndivyo tulivyozisikiliza zote tangu tuanze kunyoa watu hapa.

Gitaa likaanza. Polepole. Halafu fidla! Halafu kitu kinachoteleza na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, sijui kinaitwaje. Halafu Mzee Nyuzi mwenyewe, sauti ya puani, anamwimbia ng'ombe.

Kantri, muziki wa wachunga ng'ombe wa Kizungu! Mzee Nyuzi! Yule wa gitaa la mbio, ambaye kwenye video hata vidole vyake huvioni vizuri!

Wimbo wa nne ulipoanza mume wangu akainuka. Akazima spika. Akachukua taulo lililokuwa limeshakunjwa, akalikunja tena. "Amekwisha huyu," akasema.

Mimi – niandike tu, hapa hakuna wa kunisuta – mimi imenigusa. Wimbo wa tatu machozi yalinilenga. Nikajifanya napuliza nywele kwenye mashine.

Jumanne, 4 Machi

Mwenyekiti kaja na sura ya msiba. Ni mwenyekiti wa Wapenzi wa Nyuzi, chama chetu. Kazi yake hasa ni kuuza matairi, lakini hiyo anaifanya akipata nafasi. Hoja yake: mtu amezaliwa ghorofa ya tatu, hajawahi kukamua hata mbuzi, leo anamlilia ng'ombe mwekundu dakika saba nzima! Na ile kofia kwenye jalada, pana kama sinia! Fundi wa friji akajibu kutoka kwenye kiti changu, povu limemjaa masikioni. Mbona miaka yote aliimba kuhusu meli na hamkumdai leseni ya unahodha?

Basi, vita. Kufika mchana viti vilikuwa vimegawana watu bila mtu kupanga: wanaopinga wanakaa kushoto, kwa mume wangu, wanaokubali wanakaa kulia, kwangu. Kuna kaka mmoja alikuja kupunguza nywele tu. Akaulizwa yuko upande gani. Maskini, akatazama saa ambayo hakuivaa, akaaga.

Nyumbani mama mkwe naye kaisikiliza kwenye simu yangu. Kataka huyo ng'ombe arudiwe mpaka chaji ikaisha. Anasema sasa ndiyo anasikia maneno; zamani Mzee Nyuzi alikuwa anakimbia na gitaa lake, yeye nyuma anahema. Mume wangu kamwambia, mama, chai inapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo limetokea jambo, na nacheka huku roho inaniuma.

Wapenzi wa Nyuzi wote wana njia kichwani. Ule mstari mwembamba wa wembe, upande wa kushoto, kama aliokuwa nao Mzee Nyuzi kwenye jalada la santuri yake ya kwanza. Ndiyo kadi yetu ya uanachama. Ukiuona kwenye foleni ya benki unajua huyu ni mwenzangu. Na mwenye kuuchora ni mume wangu. Watu wanapanda mabasi mawili kuufuata.

Basi Mwenyekiti amekaa, kelele zimepamba moto, ng'ombe, kofia, meli. Mume wangu kashika wembe. Kazunguka akasimama upande wa kulia wa kiti, kiwiko kakiegemeza kwenye rafu ya mafuta. Anakata huku anabishana. Akamaliza, akapangusa, akampa kioo.

Njia iko kulia!

Mwenyekiti wa Wapenzi wa Nyuzi, adui namba moja wa kantri, ana njia upande ambao haujawahi kuwepo duniani. Mume wangu kasema ni ule muziki, unachanganya watu. Mwenyekiti kaondoka kajifunika gazeti.

Lakini mimi najua kwa nini alisimama kulia. Kulia ndiko kuna rafu. Bila kuegemeza kiwiko, mkono unatetemeka. Nimeuona siku nyingi. Kikombe anakibeba kwa mikono miwili. Mashine kabadilisha mara mbili, kila moja anasema ina mtetemo mbaya. Mashine hazina neno. Hiyo ya mwisho ninayo mimi, inakwenda kama maji.

Jumamosi, 8 Machi

Makubwa! Njia ya kulia imekuwa staili. Fundi wa friji kamwona Mwenyekiti sokoni, akadhani ni ishara ya kukubali kantri, akaja na wenzake wawili mbio: nao wanataka kulia! Sasa wanaokubali kantri wana njia kulia, wanaopinga wana njia kushoto. Isipokuwa Mwenyekiti. Yeye anapinga, lakini kichwa chake kinakubali. Anavaa kofia ya sufu kwenye jua hili, na kila anayemwona anamwambia nawe umeanza mambo ya kofia.

Njia zote za leo nimezichora mimi. Mume wangu kila ikifika zamu ya wembe anakumbuka simu ya kupiga nje.

Jumapili, 9 Machi

Saluni imefungwa. Nikaona leo niseme. Nimemkuta uani, nikamwambia taratibu: twende hospitali wakautazame huo mkono, na kwa sasa wembe nishike mimi, yeye abaki na mashine. Si dhambi.

Akaniuliza mkono gani.

Nikasema huo ulioukalia.

Amesusa. Chakula cha mchana kala anatazama ukuta. Jioni mama mkwe kaweka ng'ombe mwekundu, naye akalipuka. Si kwetu, kwa Mzee Nyuzi. Eti mwanamume anayeacha gitaa la mbio ameshaweka silaha chini, kilichobaki ni kumchimbia kaburi. Eti bora angenyamaza watu wamkumbuke alivyokuwa. Alisema mengi. Nilikuwa naosha vyombo nikasikia ni nani hasa anayesemwa. Namwonea huruma, na nataka kumpiga na sufuria. Yote mawili kwa pamoja.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Mzee Nyuzi anakuja mjini. Jumamosi, onyesho ukumbini, laivu. Na kabla ya onyesho anakuja KWETU. Kunyolewa!

Ni kazi ya Mwenyekiti. Kawapigia simu watu wa Mzee Nyuzi, kawaambia chama kinamwandalia kinyozi bingwa. Mpango wake katunong'oneza: mtu akishafungwa shuka shingoni hana pa kukimbilia. Hapo ndipo atamuuliza habari za ng'ombe, uso kwa uso. Kisha akampiga mume wangu bega, kwamba ndiyo siku yako hii, na njia iwe kushoto tafadhali.

Siku yake kweli. Alivyonichumbia hakuwa na kitu, alikuwa na gitaa bovu na ahadi mbili: kwamba atanioa, na kwamba ipo siku atamnyoa Mzee Nyuzi. Nilizicheka zote mbili.

Alikubali papo hapo. Hata hakunitazama. Wateja wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mikono ya baridi. Akimkata Mzee Nyuzi mbele ya watu wote wale, hatashika tena wembe wala mashine. Ninavyomjua, hata hapo mlangoni hatakaa. Atakufa kwa aibu kabla ya siku zake.

Ijumaa, 14 Machi

Anafanya mazoezi. Kwa maputo! Ndivyo alivyofundishwa ujanani: unapuliza puto, unalipaka povu, unalinyoa kwa wembe. Likipasuka, umemkata mteja.

Tangu alasiri yuko bafuni kajifungia. Pa! Kimya. Pa! Mama mkwe kauliza nani anapigwa risasi. Nikamwambia ni mwanao, anajiandaa na mgeni. Akasema huyo mgeni asije.

Pa!

Nimegonga mlango. Nikasema nisaidie kupuliza? Akafungua kidogo. Povu mpaka kwenye nyusi, vipande vya puto vimemganda shingoni, macho mekundu. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nimemwambia mume wangu, niachie mimi kesho, useme umeumia kidole, nitakubebea uongo huo mpaka kaburini. Akajibu hataki uongo wangu. Basi sema ukweli, nikamwambia. Akafunga mlango.

Sikusikia puto tena. Yameisha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika stoo, birika liko kwenye moto. Nisipoandika nitapiga yowe.

Amekuja! Mzee Nyuzi mwenyewe, mfupi kuliko tulivyodhani, na ile kofia. Saluni imejaa mpaka barabarani, njia za kushoto wamesimama huku, za kulia kule. Mwenyekiti katikati na sufu yake, jasho linamtiririka. Mama mkwe kakaa mbele kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi, keshamwambia mzee kwamba huyo ng'ombe amuuze, maana nyasi za siku hizi ni ghali.

Mzee Nyuzi akakaa kiti cha kushoto. Mume wangu akamfunga shuka. Niliona vidole vinahangaika na fundo, nikasogea, akanitolea jicho, nikarudi. Halafu mzee akavua kofia.

Upara! Unang'aa! Hana unywele hata wa kusingiziwa!

Chama kizima kikaguna. Wazima na akili zao, wamegawana kushoto na kulia, na mwenye njia hana pa kuiweka! Fundi wa friji alipaliwa na kicheko, wakampiga mgongo. Na mume wangu – nilimwona kwenye kioo – mabega yalishuka, akapumua kama mtu aliyetua gunia. Mimi nilitaka kucheza. Hakuna nywele, hakuna wembe. Tumepona!

"Ndevu tu, mdogo wangu," akasema Mzee Nyuzi. Akalaza kichwa nyuma, shingo yote nje. "Kwa wembe. Mashine zinaniwasha."

Mume wangu akasema maji ya moto yamekwisha, niende nikachemshe. Chupa imejaa, niliijaza mwenyewe. Sikubisha. Nikaja huku.

Ukuta ni wa mbao, nasikia yote. Mwenyekiti ameuliza! Kwa heshima zote mzee, ng'ombe wametoka wapi? Watu wakacheka. Mzee Nyuzi hakucheka. Anasema hana ng'ombe. Ana vidole, na vidole vimegoma. Nyimbo za mbio anazisikia kichwani kama zamani, mkononi hazifiki. Mwaka mzima alikuwa anamwambia kila mtu kwamba gitaa ndilo bovu. Akanunua jipya. Bovu. Akanunua jingine. Mpaka kijana wake wa besi akalichukua hilo bovu, akalipiga, likaimba.

"Huu wa polepole naufikia," anasema. "Naugusa pale ninapotaka kuugusa. Mngependa ninyamaze?"

 

Birika linaanza kuvuma. Wembe umewekwa kwenye sahani ya bati, nimeusikia. Sasa mume wangu anakohoa. Si kikohozi, najua kukohoa kwake.

"Mzee," anasema, na sauti si ile ya kunyoa, ni ndogo. "Mkono wangu unatetemeka. Zaidi ya mwaka sasa. Mwenye mkono wa wembe humu ni mke wangu."

Amesema! Mbele ya chama, mbele ya mama yake, mbele ya Mzee Nyuzi na shingo yake! Nimekaa juu ya ndoo.

Mtu anasogeza kiti. Mzee Nyuzi anauliza mke mwenyewe yuko wapi. Mume wangu ananiita – si mama watoto, si wewe, ananiita kwa jina langu, kama alivyoniita kabla ya watoto – anasema niyaache maji, nije, yeye atamshika mzee kichwa.

Nakwenda. Navaa eproni. Nimeutazama mkono huu unaoandika, na herufi hizi hapa, hebu tazama zilivyo. Unatetemeka mno.