Mwiko wa Bibi Angelina

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bibi kakataa kijiko! Tangu apigwe kiharusi, vidole vyake vya kulia havikunjiki. Basi mimi mjukuu mwema nikapakua mchoro mtandaoni, nikamchapia kishikio cha kijiko kwenye printa ya 3D ya karakana yetu, pale mtaa wa Kikuyu, mjini. Plastiki ya bluu, safi. Nikakipeleka nyumbani kwake Ihumwa kwa mbwembwe. Akakigeuzageuza. “Mume wangu, tangu lini umeniona nakula ugali kwa kijiko?”

Kweli. Mchoro wa Wazungu, nami nikauchapa kama ulivyo. Elimu!

Anachotaka ni kushika mwiko. Jumapili wazee wa Ruthu, mchumba wangu, wanakuja kutuona, na Bibi anasema ugali wa wageni hausongwi na jirani. Mke mwenza (ndivyo anavyomwita Ruthu) lazima ajue nyumba hii ina mwenyewe.

Siku hizi wageni wakija anauficha mkono ule ndani ya kitenge. Wa kushoto hampi mtu, anasema ni utovu wa adabu. Basi hasalimiani kwa mkono na yeyote. Hilo linaniuma kuliko ugali.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu! Kishikio cha mwiko kimekutana na mvuke wa sufuria, kikalegea kama mlenda. Fundi mwenzangu Habibu alicheka mpaka akakaa chini. Eti plastiki ile ni ya mapambo, au kwetu ugali unasongwa ndani ya friji? Bibi alinipa pole kwa sauti kubwa ili jirani asikie.

Ipo rola ya plastiki inayostahimili joto. Tutaitumia hiyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nzuguni kutazama ng'ombe na matrekta. Karakanani mimi na Habibu tu — na umeme ukakatika kishikio kikiwa nusu! Tukaanza upya. Safari hii nimekipandisha juu ya mpini, mbali na mvuke, na kamba za kukifunga mkononi zinabana hasa. Kufungua vifundo ilibidi nitumie meno. Si kitu.

Jioni Bibi alijaribu kwa maji na pumba. Mwiko haukuponyoka. Akakoroga, akakoroga, kisha akajifuta macho akisingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa. Mimi nikasingizia vumbi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kwenye simu, nimejibanza nyuma ya tenki la maji. Nimefukuzwa jikoni. Mwanaume anayenusanusa sufuria ni mkosi, kasema Bibi. Lakini nanusa kama plastiki inaungua! Hakuna. Uwele tu.

Wamewahi! “Mbukwenyi!” Salamu yetu ya Kigogo. Mzee Yotham, babu yake Ruthu, yuko uani tayari, anamtaka mwenye nyumba. Na vifundo vile! Havifunguki upesi. Kitenge chenyewe kiko kwenye kamba ya kuanikia.

Bibi katoka. Mzee kanyoosha mkono. Bibi kautazama, kisha kautazama wake. Naogopa.

Hakuuficha. Kautoa — wa kulia, mwiko na yote, ugali ukining'inia! Mzee kaukamata mwiko kwa mikono miwili. Wanatikisa. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za wajukuu, za mavuno... Salamu zetu Wagogo haziishi leo. Bibi anacheka, sijamsikia akicheka hivyo tangu augue.

Ananiita. “Mume wangu! Kasonge wewe, ugali utaungua!”

Nisonge na nini? Mwiko ni huo mmoja, na hawaachiani.