Mche Uliochelewa

Jumatatu, 4 Machi 1935
Nimemwagilia kitalu tena. Mvua bado. Nazi za mbegu nyingi zimechipua, mashina manene, majani ya kijani kweli. Zilizochelewa nazing'oa. Mche dhaifu unakula nafasi miaka na miaka, mwisho hauzai. Sina huruma na mnazi.
Kitovu cha mjukuu wangu Mwanaidi kimekatika juzi. Mama yangu amekichukua akakifukia chini ya mche, kama desturi. Wapi, hasemi. Hasidi ana masikio. Nadhani ni kwao Mzenga, maana alikwenda huko jana.
Mtoto mdogo mno. Alichelewa kuzaliwa, na kunyonya ni kwa kubembelezwa. Naogopa kumpenda.

Jumatano, 6 Machi
Nimeng'oa mche mmoja wa pembeni, uliochelewa. Njano, shina kama njiti. Jalalani.
Mchana Mwanaidi amekataa ziwa. Binti yangu Zainabu analia tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mche umerudi. Umesimama pale pale pembeni, udongo umeshindiliwa vizuri.
Nimekasirika. Zainabu hajatoka ndani. Mama miguu imevimba tangu arudi Mzenga, hata chooni anashikwa mkono. Sasa nani?
Nimeung'oa, nimekwenda kuutupa bondeni, mbali. Nimerudi nimemkuta mtoto ana homa. Tumempaka mafuta, tumemsomea. Haijashuka.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua imenyesha alfajiri. Nimetoka, udongo wote laini, na mche uko mahali pake. Nyayo hakuna. Za kuku tu.
Nikasema basi, naupasua, tule kile cheupe cha ndani, yaishe. Nikaung'oa, nikaleta panga. Pigo la kwanza likaingia kwenye kumbi la nazi yake. Ndani ya nyumba mtoto akapiga yowe, yowe la mtu mzima. Panga likanitoka mkononi.
Mama akaja akijikokota ukutani. Akauona mche umelala, akakaa chini kwenye tope.
"Mwanangu, umefanya nini? Kitovu chake kiko hapo. Mtoto aliyechelewa nimempa mche uliochelewa, wakue pamoja."
Mbele yangu, kwenye kitalu changu! Nikamfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Kwa nini hakusema? Akanijibu kwamba kitovu hakitangazwi. Alimficha hasidi. Kumbe hasidi ni mimi, tena nina panga.
Nimeurudisha kwenye shimo lake kwa mikono. Bismillahi. Nimefunga kumbi kwa kipande cha kanga yangu. Sasa nasikiliza kama mtoto anapumua.

Jumapili, 17 Machi
Mvua ya kutosha. Sikumwagilia.
Homa imekwisha. Mwanaidi amenyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Pajani ana mstari mwembamba mwekundu, hakuzaliwa nao. Zainabu anadhani ni upele. Nimemwachia adhani hivyo.
Mama anaapa alifukia mara moja tu, na hakuurudisha mche hata siku moja. Namwamini. Sijamuuliza tena.
Mche umetoa jani. Bado una njano kidogo. Nimeujengea uzio wa miti, kuku wasiuparue.
Nilikuwa nimeinama kung'oa nazi nyingine zilizochelewa, zile za mstari wa nyuma. Nimeziacha. Huenda kila moja ina mwenyewe.